Chupa za Maji Mazuri

Siku ya kwanza ya kazi nilichemsha chupa kumi na mbili bila kujua ni za nini. Ilikuwa Mushaki, miaka ya arobaini ikielekea kwisha. Bwana Agent Sanitaire, mzungu aliyesimamia usafi wa vijiji vyote vya njia ya Masisi, alikaa kwenye kiti cha kukunja akinitazama kama mama mkwe anavyomtazama bibi arusi jikoni. Nilipomaliza alichukua chupa moja, akainusa.

"Hapana. Iko na harufu ya moshi. Anza tena."

Nikaanza tena. Mara ya tatu alinusa, akaiziba chupa, na mimi nikajua kwamba nimeajiriwa.

Kazi yenyewe iliitwa garde sanitaire, yaani mlinzi wa usafi. Tulipima kina cha vyoo kwa fimbo, tukaamuru watu wafyeke majani nyuma ya nyumba, na watu walituchukia kwa haki kabisa. Nani anapenda kijana wa jirani aje kuchungulia choo chake? Lakini kazi niliyoipenda mimi ilikuwa ya eshantiyo. Hayo ni maji machache yanayotiwa chupani ili yakapimwe kwenye laboratwari, mbali huko mjini. Chupa inachemshwa, shingo yake inapitishwa kwenye moto wa spiriti, inajazwa, inazibwa, kizibo kinavikwa nta. Unabandika karatasi yenye jina la mahali, kisha unailaza kwenye sanduku lenye majani ya ndizi yaliyolowa ili isipate joto, na sanduku linapanda lori. Baada ya majuma kadhaa inarudi karatasi yenye muhuri: maji ni mazuri, au maji ni mabaya. Ninyi mnaofungua robine, yaani bomba, leo na kunywa hamjui jinsi karatasi ile ilivyoheshimiwa.

Bwana Agent alinifundisha yote hayo, isipokuwa jambo moja. Hakuniambia maji yachukuliwe wapi. Alisema tu, "Chukua maji vizuri." Nami nilitoka kwa watu wa maharagwe. Siku ya mavuno, baba alipopeleka sehemu ya Mungu kanisani, mama alikaa tangu asubuhi akichagua punje moja moja, anatupa zilizovunjika, anatupa zenye tundu, kisha anaziweka zilizobaki kwenye kikapu kipya. Kwetu hupeleki kwa mkubwa kitu cha hovyo. Basi mimi nami nilichagua maji. Nilikwenda asubuhi, kabla akina mama hawajayavuruga, mpaka pale yanapotoka kwenye mwamba, na nikajaza chupa yangu. Karatasi zilirudi zote nzuri. Bwana Agent alisema sijawahi kumwaibisha, nami nikavimba kichwa.

Kwa sababu ya kichwa hicho nilipewa uhamisho. Nilipelekwa Walikale, kwenye kituo kimoja ambacho jina lake nitaliacha, maana wajukuu wa wahusika wangali hai. Mimi mtu wa baridi ya Masisi niliteremka mle msituni nikadhani nimeingizwa kwenye chungu kilichofunikwa. Kituo kilikuwa na kambi ya wafanyakazi, soko, na vijiji vilivyokusanywa kandokando ya barabara kwa amri ya serikali. Mkubwa wa pale alikuwa Bwana Chef de Poste. Chini yake, upande wetu sisi watu weusi, alikuwapo chef wa groupement, mkuu wa vijiji vyote vya pale, mtu mfupi mwenye medali ya serikali shingoni. Sote tulimwita Papa Chefu.

Maji ya kituo yalitoka kwenye chemchemi juu ya kilima. Ilikuwa imejengewa ukuta wa mawe, na maji yakashuka kwa mfereji wa wazi hadi kwenye birika la saruji, na kutoka birikani yakaingia kwenye mabomba yenye robine nne, mbili za kambi na mbili za soko. Kila mwezi nilipanda mpaka juu kabisa, kwenye mwamba, na sanduku langu. Njia ilipita kando ya shamba la Papa Chefu. Alikuwa akiniona, anainua jembe, ananiambia:

"Muntu ya chupa! Unapanda tena? Magulu yako haichokake?"

"Ni kazi, Papa."

"Kazi, eh. Panda basi."

Kisha wakaja ng'ombe. Waliswagwa kwa miguu kutoka Masisi ili wafanyakazi wa kambi wapate nyama, na Bwana Chef de Poste akaagiza zizi lijengwe katikati ya kilima, kando ya mfereji, kwa kuwa pale palikuwa tambarare na palikuwa na majani. Likaandikwa shauri, yeye akatia sahihi, Papa Chefu akatia kidole. Mimi pia niliweka jina langu chini, kama shahidi wa mambo ya usafi. Je, nilifikiri? Nilikuwa na njaa ya nyama kama wengine.

Mvua ya kwanza iliposhuka, kila kitu cha zizini kilishuka nayo. Baada ya siku chache watu wakaanza kuharisha, kisha kuharisha damu. Papa Chefu alikuja kwenye biro, ofisini kwa Bwana Chef de Poste. Nilikuwapo, nimeshika faili.

"Bwana, ile maji iko nanuka ng'ombe. Batoto banaharisha damu. Uondoshe zizi pale, ao batu batarudilia muto."

Bwana Chef de Poste alinyosha mkono, nami nikampa faili. Akachomoa karatasi zangu, moja, mbili, tatu, akazipanga mezani kama mchezaji wa karata mwenye uhakika.

"Laboratwari ya serikali inasema maji ni mazuri. Wewe unajua kupita laboratwari?"

"Laboratwari siijue, Bwana. Najua pua yangu."

Sasa nitawaambia jambo linalonitia haya. Nilipoziona karatasi zile mezani nilifurahi. Nilijiona mtu. Mtoto wa watu wa maharagwe, na chupa zake zinamjibu Papa Chefu! Harufu niliisikia hata mimi, lakini karatasi ilisema maji ni mazuri, na karatasi ilikuwa na muhuri, na pua yangu haikuwa nao.

Papa Chefu alipiga marufuku robine. Watu wake wakarudi mtoni, akina mama na mitungi, pamoja na Riziki, binti yake aliyekuwa ndiyo kwanza aolewe. Watu wa kambi wakaendelea na robine. Ugonjwa ukaingia pande zote, maana mto wenyewe ulipokea maji ya kilima kilekile. Wakafa wa kambini, wakafa wa vijijini. Tulizika mpaka mikeka ikaisha. Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuzunguka. Kama maji ya robine ni mazuri, wa kambini wamekufa na nini? Na kama ni mabaya, karatasi zinasema uongo? Na kama zinasema uongo, zimedanganywa na nani? Nilikuwa nikifika kwenye swali hilo la mwisho, nageuka nyuma.

Alikuja Bwana Mkubwa wa distrikti kufanya uchunguzi. Tulikaa barazani mchana kutwa, jasho linatiririka. Bwana Chef de Poste alisema yeye alifuata karatasi. Karani wa biro alisema yeye aliandika alichoambiwa. Papa Chefu aliulizwa kwa nini alitia kidole kwenye shauri la zizi.

"Banasemaka weka kidole, natia kidole. Nilishakataaka lini?"

Kisha zamu yangu.

"Ni wewe unapeleka chupa?"

"Ni mimi, Bwana."

"Unafuata mafundisho yote? Moto, kizibo, nta?"

"Yote, Bwana."

Na ilikuwa kweli! Aliuliza moto, kizibo na nta, nami nikajibu moto, kizibo na nta. Papa Chefu alinigeukia. Alifungua kinywa, halafu akakifunga. Nilimshukuru Mungu, bila kujua ninashukuru nini.

Uamuzi ulitoka jioni ile. Maji ya serikali yalikuwa mazuri, karatasi zipo. Papa Chefu alikataza watu maji mazuri akawarudisha mtoni, kwa hiyo ugonjwa umetoka mtoni na kosa ni lake. Walimvua medali mbele ya watu. Mnyororo wake ulinasa kwenye kola, na askari akahangaika nao hata Papa Chefu mwenyewe akainamisha shingo ili amsaidie. Kesho yake alipelekwa kukaa Kibua, na akakatazwa kurudi kwa watu wake.

Haukupita muda mrefu akaja Daktari wa ukaguzi, mzee mwenye miwani, hana maneno mengi. Akaniambia, "Nionyeshe pale unachukua maji." Nikampandisha kilimani kwa fahari yote, tukapita zizi, tukafika kwenye mwamba. Alikaa juu ya jiwe kupumzika, akatazama chini kwenye zizi, halafu akanitazama mimi.

"Watu wanakunywa hapa?"

"Hapana, Bwana Daktari. Wanakunywa kule chini, kwa robine."

"Sasa chupa hii ni ya nani?"

Tulishuka, tukajaza chupa kwenye robine ya soko, na karatasi iliporudi ilikuwa imepigwa mstari mwekundu: maji haya hayafai kunywewa na binadamu. Niliipeleka kwa Bwana Chef de Poste. Aliisoma, akaitia mtotoni mwa meza, akafunga. Juma lile zizi likahamishwa ng'ambo ya pili, bila baraza wala shauri. Nilijikaza nikauliza:

"Bwana, na Papa Chefu? Atarudi?"

"Ile ni mambo ya politiki. Haiko mambo ya maji. Wewe iko muntu ya maji."

Akanipa barua nzuri na cheo. Nilipelekwa Shasha, kando ya ziwa, nikawa mkubwa wa walinzi watano. Nilikuwa mkali sana. Kijana akijaza chupa mahali ambapo watu hawanywi, nilimwaga maji yale miguuni pake. Waliniita Papa Mwaga. Hawakujua ni nani niliyekuwa ninamfokea.

Sasa nimestaafu, nimerudi kilimani kwetu Masisi, ninalima maharagwe. Kichwa hakijatulia. Nikimlaumu aliyeweka zizi, nakumbuka alikuwa na karatasi. Nikizilaumu karatasi, zilisema kweli tupu juu ya maji ziliyopewa. Nikimlaumu Bwana Mkubwa, naona alihukumu kwa kile kilichokuwa mezani. Kila mmoja ana mlango wa kutokea. Ni Papa Chefu peke yake aliyekuwa ndani nyumba ilipofungwa, na ndiye aliyesema kweli.

Alifia Kibua. Mwaka jana nilikwenda kumtafuta Riziki, ambaye sasa ni Mama Riziki, mwenye wajukuu. Nilimkuta akimenya muhogo. Nilimwambia yote, mwamba, zizi, chupa, na jinsi nilivyojibu barazani. Nilitarajia anifukuze, na nafikiri nilitaka anifukuze. Yeye aliendelea kumenya.

"Papa alijuaka," akasema. "Alikuwa anakuonaka kila mwezi, unapita na kasanduku, unapanda juu ya zizi. Siku ya baraza alitaka kusema. Njo akakuhurumia."

"Kunihurumia nini, Mama?"

"Alisema, ule mutoto iko mutoto ya batu, bazungu njo banamutuma kule juu. Nikimutaja, batamufunga bure."

Akanisogezea kigoda nikae. Nilibaki nimesimama na kofia mkononi. Mzee yule alitoa medali yake, nchi yake na kaburi lake ili kumwokoa kijana aliyetumwa, na mimi hakuna mtu aliyenituma kule juu.