Ikisiri ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Akitoka zamu huvua viatu mlangoni, hujitupa kwenye kiti cha jikoni na kuweka miguu juu ya ndoo iliyofunikwa. Anasoma huku anafanya kazi, na tasnifu yake inauliza kwa nini akina mama wakishajifungua hawarudi kliniki.

Jioni ile alinipa ukurasa mmoja. "Dada, nisomee hiyo ikisiri. Macho yangu yamegoma."

Ikisiri ni tasnifu nzima kwa ufupi: umechunguza nini, kwa njia gani, umegundua nini. Hukaa mwanzoni lakini huandikwa mwisho. Yeye aliiandika kwanza, kabla hajamhoji mama hata mmoja, ili apate moyo wa kuanza. Ilisema akina mama hawarudi kwa sababu kliniki iko mbali.

"Na wenyewe walikwambiaje?" nikamuuliza.

"Umbali wameutaja wachache." Akasugua kisigino. "Wengi wanasema tunawafokea. Wakilia tunawacheka."

"Basi andika hivyo."

"Sura ya nne inasema hivyo. Nani atafika sura ya nne? Matroni na wenzangu watasoma ikisiri tu. Nikiyaweka hapo, nimewavua nguo sokoni. Nitanywa chai na nani?"

"Na mimi."

"Chai yako ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali."

Tukacheka kidogo. Msimamizi wake wa tasnifu alitaka kazi asubuhi. Nikausoma tena ule ukurasa. Naijua hali anayorudi nayo nyumbani, na nakijua kinywa chake akiwa hoi.

"Kuna mama mmoja, nilipomhoji, aliniuliza, 'Nesi, hunikumbuki?'" akasema. "Sikumkumbuka hata kidogo. Yeye ananikumbuka vizuri sana."

Akauvuta ule ukurasa, akaufuta umbali kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika kwamba akina mama wengi hawarudi kwa sababu ya kauli za wauguzi. Kalamu ikasita. Halafu akaongeza: *akiwemo mtafiti*.

"Inaruhusiwa kujitaja?" akaniuliza.

"Sijui. Muulize msimamizi."

"Atayafuta."

"Akiyafuta, atakuwa ameshayasoma."

Alikuwa amefumba macho, kalamu ingali mkononi. Nikamchotea maji ya moto ya miguu, maana zamu ya asubuhi ilikuwa yake tena.