Neno la Kumi

Gamila Buaron alikuwa karani wa zahanati mjini Tiberia kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi hiyo ilimwachia tabia moja: karatasi ikimfika mkononi, huisoma mpaka muhuri. Alipostaafu alisomea utetezi katika mahakama ya marabi, viongozi wa dini ya Kiyahudi, akaanza kuwasaidia wanawake wanaonyimwa talaka. Kwa sheria ya Kiyahudi, mume asipotoa hati ya talaka kwa hiari yake, mke haolewi tena, hata wakitengana miaka ishirini.

Kochava Jian alikuwa wa kumi na mbili kumjia. Mumewe, Asher, alikuwa amehama nyumbani tangu miaka minne iliyopita. Mahakama ilikwisha kumwamuru atoe talaka, naye alikuwa akiwaambia watu sokoni kwamba ataitoa siku nywele za Kochava zitakapokuwa nyeupe zote. Kochava alikuwa na miaka thelathini na minane, na bado alitaka mtoto.

Gamila akaisoma hukumu. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, palikuwa na mstari ambao hakuna aliyekuwa ameufikia: mpaka atoe talaka, mtu huyu asihesabiwe miongoni mwa wanaume kumi wa sala.

Akaupeleka kwa Hamus, mtunza sinagogi dogo la watu waliotoka Tripoli, alikosali Asher kila asubuhi. Sala ya pamoja hutaka wanaume kumi, na pale walipatikana kwa shida, na mara nyingi wa kumi alikuwa Asher. Isitoshe, Hamus alikuwa amefiwa na mama yake, na sala ya mfiwa haisomwi bila kumi kutimia.

“Dada Gamila,” akasema, “unaniomba nimnyime mama sala yake.”

“Nakuomba usome ukurasa wa tatu, kaka.”

Akausoma mara mbili. Hakuahidi kitu.

Watu wale hawahesabu watu kwa namba, wanaogopa husuda. Wana aya yenye maneno kumi, kila mtu neno lake, na neno la mwisho ni “milele.” Asubuhi iliyofuata Hamus alipita kwenye mabenchi akiitamka aya hiyo, akafika alipokaa Asher, akanyamaza.

“Tuko tisa,” akasema.

Asher akacheka. “Na mimi ni nini, mzee? Kiti?”

“Kiti kinabeba mtu.”

Siku hiyo kila mmoja alisali peke yake. Kisha Hamus, na goti lake bovu, akapanda ngazi hadi sinagogi lingine, la mtaa wa juu, kulikotimia kumi, kumsomea mama yake. Alifanya hivyo wiki tano. Wengine walinung'unika kwamba Gamila amewavunjia nyumba ya sala, na jirani mmoja akaacha kumsalimia. Gamila alimpelekea Hamus dawa ya kuchua goti. Akaipokea, akaendelea kupanda.

Asher alijaribu masinagogi mengine, akakuta nakala ya ukurasa wa tatu imemtangulia. Ndipo ikafika siku ya kumbukumbu ya kifo cha baba yake, naye alipaswa kumsomea sala ile ile ya mfiwa. Alikuja sinagogini mapema na mshumaa, keki na chupa ya pombe ya araki, na safari hii hakucheka.

“Mzee Hamus, leo tu. Ni baba.”

Hamus alimweleza Gamila baadaye kwamba neno la kumi lilimfika mdomoni, akalimeza.

“Baba yako nilimjua,” alimwambia Asher. “Mama yangu ulimjua. Wote wawili wanakusubiri wewe, mwanangu.”

Jumanne iliyofuata, mbele ya marabi, Kochava alikinga viganja viwili visivyo na pete, kama Gamila alivyomwelekeza. Asher akaidondosha hati iliyokunjwa. Kochava akafumba vidole taratibu, akatembea hatua chache nayo, ishara kwamba ameipokea, kisha akamwuliza Gamila kama kuna mahali karibu wanauza chakula, maana hakuwa amekula tangu jana yake.

Kesho yake Gamila alikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Alisikia viatu vya Hamus vikiburuzika kutoka benchi hadi benchi, neno baada ya neno. Baada ya neno la tisa vikasimama kwenye benchi la Asher.

“Milele,” akasema Hamus. Kisha akaanza kumsomea mama yake.