Vya Chini ya Meza

Mpwa wangu ana akili, na akili hizo hakuziokota njiani, ni za ujombani. Mimi niliacha shule darasa la nne, mwalimu akamshukuru Mungu na mimi nikamshukuru, lakini yale makaushio ya mboga nyuma ya nyumba yake, ya mbao na nailoni, yaliyojipanga kama vitanda vya wagonjwa, yametoka katika mikono hii. Aliwahi kuja mhandisi akayapima kwa kamba, akayapima tena, akaondoka. Sikumcheka. Nilingoja apande gari kwanza.

Sokoni mpwa wangu wanamwita Mama Mabaki. Zamani alikuwa mpishi wa shule, na kazi ya mpishi wa shule ni kuchukua unga kidogo na maji mengi akapata kitu cha kuitwa uji. Watoto walikuwa wanasinzia kabla ya mapumziko. Mwalimu alidhani ni uvivu, akawachapa. Mpwa wangu alijua ni njaa, maana sufuria aliikoroga yeye. Na kila jioni akirudi kwake alipita sokoni, akaona nyanya zilizopasuka, mchicha uliolegea, karoti zenye miguu miwili kama zinataka kucheza dansi. Vyote vimewekwa chini ya meza, vinangoja kutupwa. Ndivyo alivyodhani.

Akaacha kazi. Dada yangu, mama yake, alilia kama aliyeletewa maiti. "Kaka, mwambie mwanao. Mtu haachi mshahara akanunue takataka."

Nikamfuata. "Mama yako anasema umeshikwa na kichaa. Nikutengenezee makaushio mangapi?"

Kazi ikaenda. Alinunua vile vya chini ya meza, akaviosha, akavikatakata, akavianika, akavisaga, akaupeleka unga wake shuleni ukatiwa katika uji. Uji ukapata rangi, watoto wakapata macho. Wakaja wageni wenye kamera, wakayapiga picha makaushio yangu bila mimi, hasara ikawa yao.

Sasa, pale sokoni pana mazoea ambayo hakuna aliyeyaandika. Soko likifungwa, kilicho juu ya meza ni cha mwenye meza, na kilichoachwa chini ni cha mwenye kuinama. Walioinama ni wajane, wazee, watu wasio na mtu. Walikuja baada ya watu kutawanyika, kwa sababu njaa nayo ina haya yake. Mpwa wangu alipita mapema. Hakuwahi kuwaona.

Asubuhi moja tunageuza nyanya, tukasikia hodi. Bibi mmoja, mtoto mgongoni, kapu tupu mkononi. Tulikuja kumwita Bi Kapu.

"Shikamoo, bibi," mpwa wangu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Haya maganda yenu huwa mnayapeleka wapi?"

Mimi na mdomo wangu: "Una mbuzi, bibi?"

"Sina mbuzi."

"Basi una nguruwe, unatuficha."

"Nina mjukuu," akasema.

Nilikuwa na utani mwingine tayari ulimini. Niliumeza.

Mpwa wangu alimkalisha, akamuuliza, akaambiwa yote: tangu aanze kununua, chini ya meza hapabaki kitu. Jioni ile akaenda sokoni akangoja hadi mwisho. Chini ya meza pamefagiwa, unaweza kulala. Wenye kuinama wamesimama ukutani, makapu yamekunjwa kwapani, kama watu waliofika msibani wakakuta kumeshazikwa.

Akawaomba wauzaji waache kidogo chini, kama zamani. Muuza nyanya alicheka kwa upendo kabisa. "Mama Mabaki, wewe ndiye uliyetufumbua macho. Unataka tuyafumbe tena?"

Akasusa kununua. Akasema mabaki yakikosa mnunuzi yataanguka yenyewe. Hayakuanguka. Alikuja mfuga nguruwe akayazoa yote, na shuleni uji ukarudi kuwa maji, mwalimu akaitafuta fimbo yake. Mpwa wangu akarudi kununua. Akamgawia Bi Kapu unga, na kesho yake uani kwetu kukajaa wenzake wote, unga ukaisha kabla ya zamu ya shule. Akafunga mlango, nikamsikia analia ndani. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Wao walikuwa na pa kwenda.

"Mjomba," akaniambia siku moja, "nimepata njia."

Njia yenyewe ilikuwa hii: anunue kama kawaida, kisha soko likifungwa ndoo moja aimwage mwenyewe chini ya meza, aondoke kabla wenye kuinama hawajaja, wasijue imetoka kwa nani. Nilimsindikiza. Aliimwaga kwa uangalifu, nyanya huku, karoti kule, hata karoti moja akaisukuma kwa mguu ionekane imeanguka. Njiani alikuwa anaimba. Sikumbuki lini tena nilimsikia anaimba.

Kesho yake Bi Kapu akapiga hodi, mtoto mgongoni, kapu limejaa.

"Umepata, bibi," mpwa wangu akasema, uso wote unacheka.

"Nimepata, mwanangu. Nipimie, ninauza."

"Lakini hizi ni za kula. Hizi ni zenu."

"Nitakulaje pesa?" Alisema bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Mwenye nyumba amesikia siku hizi mabaki ya sokoni ni pesa, akadhani tunaziokota. Amepandisha kodi."

"Nisipopima?"

"Mfuga nguruwe anapima."

Nilichungulia kapuni. Juu kabisa palikuwa na karoti ya miguu miwili, ile ile aliyoisukuma kwa mguu jana. Mpwa wangu naye aliiona. Akaichukua, akaifuta kwa aproni yake, akampa mtoto pale mgongoni. Mtoto akaishika kwa mikono yote miwili, akaipeleka mdomoni.

Bi Kapu hata hakugeuka. Alirudisha mkono nyuma, akaichomoa taratibu ile karoti mikononi mwa mjukuu wake, akaiweka kwenye mizani pamoja na nyingine.

Mtoto hakulia. Mpwa wangu akapima.