Kitabu Nilichokifungia Kisandukuni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Ilikuwa asubuhi, masika yakielekea kwisha, na mtoto wa kike aliingia darasani kwangu amebeba chungu kidogo kilichofungwa mdomo kwa kipande cha gome la mti. Alikitua mbele yangu taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Kabla jua halijafika utosini nilikuwa nimekivunja. Yaliyofuata ndiyo ninayotaka uyasikie, kwa sababu sijawahi kumweleza mtu yote.

Ilikuwa enzi za Mjerumani, kabla ya vita. Nilikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota. Nilisoma misheni miaka miwili, nikajua kusoma Kiswahili, kuandika na kuimbisha, na hilo lilitosha kunifanya mwalimu. Nikapewa shule ya kijiji huku Ipyana. Usifikirie shule kama ya siku hizi. Ilikuwa nyumba ya mianzi, paa la nyasi, magogo ya kukalia, na watoto kama ishirini ambao nusu yao walikuja wakinuka maziwa kwa sababu walitoka moja kwa moja kukamua.

Bwana wa misheni alinipa kitabu kimoja. Kimoja tu, kwa shule nzima. Kilikuwa cha Kiswahili, chenye picha, na kilizungumza habari za dunia: mvua inavyotokea, samaki anavyopumua majini, meli ya moshi inavyosukumwa na moto. Ilikuwemo picha ya meli iliyokatwa katikati kama papai, ukaona tanuru na watu wanaotia kuni. Mwisho wa kila somo paliandikwa swali, na jibu lake halikuwepo mpaka ukurasa wa mbele. Bwana alinieleza kwamba hilo lilikusudiwa. Alisema nisiwape watoto jibu. Niwaache kwanza waende wakatazame wenyewe, ndipo tufungue ukurasa.

Mwanangu, siku ya kwanza nilipokifungua, wale watoto waliacha magogo wakanizunguka mpaka nikakosa hewa. Walitaka kugusa. Walitaka kujua moto ule wa melini kwa nini hauiunguzi meli. Nilifurahi sana siku ile. Lakini siku ya pili wakauliza jambo nisilolijua, na siku ya tatu mawili. Nyumbani nilikuwa mtu wa kuheshimiwa. Wazee walinipisha njiani kwa sababu ya kanzu yangu ya ualimu na kalamu. Sikupenda watoto wanitazame nikiwa nimenyamaza.

Kwa hiyo nikanunua kisanduku cha bati chenye kufuli. Nikawaambia kitabu ni cha thamani, mikono yao ina tope, nitawasomea mimi. Hapo palikuwa na jambo ambalo hawakulijua. Walikuwa wanasoma Kinyakyusa kidogo, na Kiswahili hawakukijua bado, kwa hiyo kila kilichomo kitabuni kilipita kwanza mdomoni mwangu. Nilichokielewa nilikitoa. Nisichokielewa nilikiruka, nikatukuza kile nilichobaki nacho.

Katika watoto wale alikuwemo Subilaga. Alikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Mama yake alikuwa Mkisi, kabila la wafinyanzi wa kule ufukweni mwa ziwa, naye mwenyewe mfinyanzi, aliyeolewa huku bondeni na mtu mwenye ng'ombe wengi. Mtoto alirithi mikono ya mama yake na utulivu wake. Hakuwa msemaji. Alikuwa anakutazama unapozungumza, kisha baada ya siku mbili tatu anakuja na jambo ambalo wewe ulishalisahau.

Siku moja, kwa kutokuwa makini, nilisoma kwa sauti swali la mwisho wa somo: mbu hutoka wapi? Sikuwa nimesoma ukurasa uliofuata. Nikafunga kitabu, nikawajibu kama nilivyosikia kwetu, kwamba mbu huzaliwa na majani yaliyooza. Wakaitikia wote. Subilaga hakuitikia.

Baada ya siku kumi hivi ndipo alipokuja na chungu. Aliniamkia, "Ugonile, Mwalimu," kisha akaeleza kwa sauti ndogo. Alimwomba mama yake chungu kipya ambacho hakijawahi kuwekwa kitu. Alikitia maji matupu ya kisimani, akakiacha wazi nyuma ya nyumba. Zikapita siku, akaona vijidudu vinacheza ndani ya maji, vinapanda na kushuka. Akakifunika, akakifunga kwa kamba ya mgomba ili kisiingie wala kutoka kitu. Kisha akangoja.

Alifungua kamba mbele ya darasa, akainua ukingo wa gome. Mbu wakatoka. Sita, saba, wakapaa juu ya vichwa vya watoto.

"Sikutia jani hata moja humu, Mwalimu," alisema. "Nilitia maji tu."

Watoto walicheka, mwanangu. Nataka unielewe hapa. Hawakunicheka mimi. Walicheka kwa furaha, kama mtu anavyocheka akiona kifaranga kinatoboa yai. Lakini mimi nilisikia wananicheka mimi.  Nilikinyanyua kile chungu, nikatoka nacho hadi mlangoni, nikakitupa juu ya mawe. Nikamwambia ameleta uchafu shuleni, na kwamba mtoto anayemsahihisha mwalimu hana adabu. Nikamsimamisha juani hadi masomo yakaisha. Hakulia. Alikuwa anatazama yale maji yanavyonywewa na udongo.

Tangu siku ile hakuna mtoto aliyeniuliza tena kitu. Shule yangu ikatulia kabisa. Bwana wa misheni alipokuja kukagua alikuta watoto wamenyooka kama mianzi, wanaitikia kwa pamoja, akanisifu kwa nidhamu. Nami nilipokea sifa zile.

Sasa nikwambie jambo baya zaidi kuliko chungu. Mchana uleule, watoto walipokwisha ondoka, nilifungua kisanduku nikageuza ukurasa. Palikuwa na picha ya kile kidudu cha Subilaga, kimening'inia kichwa chini ndani ya maji, vilevile alivyokieleza. Paliandikwa kwamba mbu hutaga mayai katika maji yaliyotulia. Paliandikwa pia kwamba wamo mbu wanaobeba homa, wakiitoa kwa mgonjwa na kumpa mzima, na kwamba watu wafunike mitungi yao na kumwaga maji yaliyosimama karibu na nyumba. Nilisoma mara tatu. Kisha nikafunga kufuli.

Kesho yake mama yake Subilaga alikuja, amembeba mgongoni mdogo wa Subilaga, mtoto wa kiume aliyekuwa anaanza kutembea. Nilidhani amekuja kudai chungu, nikaandaa maneno. Akasalimia, akakaa kwenye gogo.

"Chungu nitafinyanga kingine, Mwalimu," alisema. "Nimekuja kuuliza neno moja. Wewe ndiye unayesoma. Alichosema mtoto ni uongo?"

Kisanduku kilikuwa nyuma yangu. Ningenyoosha mkono tu. Nikamwambia, "Ni uongo, mama."

Laiti angenibishia. Hakubisha. Aliinamisha kichwa, akasema, "Ndaga, Mwalimu," akashukuru kwa kuelimishwa, akaenda nyumbani kumwambia binti yake kwamba macho yake yalimdanganya.

Mvua zilipokuja tena bonde letu lilijaa maji kama kawaida, na homa ikaja kama kawaida. Yule mtoto wa mgongoni alishikwa siku nne tu. Mimi ndiye niliyeongoza sala kaburini, kwa kuwa nilikuwa mwalimu. Sisemi kwamba maneno ya ukurasa ule yangemponya. Kila mwaka homa ilichukua watoto, na hata nyumba zilizofunika mitungi zimewahi kuzika. Lakini nilikuwa na neno, na sikulitoa, na nilisimama pale nikisoma habari za uzima huku najua. Mama yake hakunitazama kwa hasira. Alinishukuru kwa sala.

Haukupita mwaka baba yake Subilaga akanijia na mkungu wa ndizi begani. Kuna ukoo ng'ambo ya mto ulikuwa umeleta posa. Yeye mwenyewe alikuwa na moyo wa kungoja, kwa sababu mama mtu alikuwa anamsihi amwache binti asome kwanza, pengine apelekwe kwa mama wa misheni. Akataka kujua kwangu: mtoto anafaa kwa vitabu?

Hapo, mwanangu, nilipewa nafasi ya tatu. Si watu wengi wanaopewa nafasi ya tatu. Ningesema, huyu ndiye bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na ingekuwa kweli. Lakini kila nilipomwona Subilaga nilikiona kisanduku changu. Nilitaka aondoke darasani mwangu. Nikasema ana kichwa kigumu, hatafika mbali.

Akaolewa.

Kisha vita vikaja. Mabwana wa misheni walichukuliwa, shule zikafungwa, wanaume wakakusanywa kubeba mizigo ya majeshi, leo ya hawa, kesho ya wale. Askari walilala katika nyumba yangu ya mianzi. Nilipothubutu kurudi, kisanduku kilikuwa kimefunguliwa kwa shoka, na kitabu kilikuwa kimebaki majalada mawili. Kurasa walikuwa wamezisokotea tumbaku. Kitabu nilichokilinda na vidole vya watoto kikavutwa na watu wasiojua hata kilihusu nini. Nilikaa chini nikacheka, halafu nikashindwa kucheka.

Ndipo nikaamua kumtafuta. Niliambiwa mumewe alichukuliwa kubeba mizigo akafia njiani, naye amerudi kwa wajomba zake ufukweni. Nilitembea hadi Lyulilo siku ya soko. Mitumbwi ilikuwa inashusha vyungu, na wanawake walikuwa wamepanga vyao mchangani. Nilimtambua kwa mikono kwanza. Alikuwa anasugua chungu kwa kokoto, na binti yake wa miaka minne hivi alikuwa amechuchumaa kando yake.

Alinisalimia kwa heshima, akanipa nafasi ya kukaa. Nikamweleza yote, bila kuruka kitu: ukurasa, mama yake, mdogo wake, jibu nililompa baba yake. Nilimwambia kwamba alikuwa amesema kweli, na kitabu kilisema vilevile. Nadhani nilitarajia ashangae, au anitukane. Ningelipenda anitukane.

Aliendelea kusugua mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Lile nililijua, Mwalimu. Niliona kwa macho yangu. Sikukihitaji kitabu kwa nilichokiona. Nilikihitaji kwa vile ambavyo nisingeweza kuviona."

 Wakati huo binti yake alikuwa amechovya kidole katika maji ya kufinyangia, akachora mstari juu ya chungu kilichokuwa juani. Mstari ukafifia. Akachora mwingine, nao ukafifia. Akainua uso akauliza, "Mama, maji yamekwenda wapi?"

Subilaga alimshika mkono akauondoa pale, si kwa ukali.

"Nyamaza," alimwambia. "Mbele ya mwalimu watu hawaulizi."

Niliaga, nikarudi Ipyana. Nilifundisha tena baadaye, miaka mingi, na wapo wanaosema nilikuwa mwalimu mzuri. Sikuwahi kumwona yule binti tena, wala sijui kama kuna mtu aliyemjibu.

Nimekuambia haya kwa sababu jana nilikusikia. Watoto wako walikuwa wamekizunguka kile kitabu cha nyota ulichowaletea kutoka mjini, mkubwa akakuuliza kwa nini mwezi unatufuata, nawe ukakifunga kitabu ukasema watakichafua. Najua sauti ile. Hukuogopa uchafu, mwanangu. Uliogopa swali.

Basi nisikilize. Kitabu kikichanika kwa mikono ya watoto kimefanya kazi yake, wape. Mtoto akikuuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha mkalitafute pamoja, na hutapungukiwa na heshima hata kidogo. Mimi nililinda heshima yangu, na ndiyo hii niliyobaki nayo, hainisaidii kulala. Na ikitokea umesema uongo kwa mtoto, rudi umwambie kesho yake. Usingoje kama nilivyongoja mimi, kwa sababu kweli inayokuja imechelewa miaka minane haimsaidii aliyeihitaji. Inampunguzia mzigo yule anayeisema tu, tena kidogo.

Mungu akupe watoto wakukoseshe usingizi kwa kuuliza. Akupe mdomo mwepesi wa kusema sijui, na moyo usioona haya kusahihishwa na aliye mdogo wako. Nawe ukimaliza siku zako, usiwe na mtu wa kumtafuta sokoni. Nenda sasa, mwanangu. Watoto bado hawajalala.