Bakuli la Mama Zuhura

Usiku ule nilijigeuza kitandani hadi shuka likaanguka, maana jioni mume wangu alikuwa ameniuliza tena, "Hivi bakuli la watu utalirudisha lini?" Mwenye bakuli, Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, tulimzika kabla ya mvua kuanza. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Yeye analeta magimbi ya nazi, mimi narudisha na maandazi, naye analeta tena, na maneno yake hayazidi "Haya, mwanangu." Mimi mdomo wangu haufungi, kwa hiyo mwanzoni nilidhani anaringa. Kumbe alikuwa ananisikiliza. Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile. Alifariki bakuli likiwa kwangu, nikaliweka juu ya kabati. Nikilirudisha, nani ataniletea tena?

Usingizi ukanichukua. Nikamwona ameketi jikoni kwangu kwenye kigoda, khanga begani. Nafurahi, nataka kumkumbatia, halafu nakumbuka alichonifundisha bibi yangu: marehemu akikupa chakula ndotoni, usile. Na bakuli analo mapajani. Natoka mlangoni, najikuta sokoni, naye yupo kati ya mafungu ya nyanya. Nakimbilia bombani. Foleni yote ya ndoo inageuka kunitazama, na wa mwisho ni yeye. Ananinyooshea bakuli.

"Mama Zuhura, jamani, nina watoto wadogo mimi," nalia. "Sili!"

Anatabasamu lile tabasamu lake la kunivumilia.

"Litazame kwanza."

Natazama. Ni tupu. Yeye, ambaye hakuwahi kunipa chombo kitupu! Naona aibu kwa niaba yake. Mara bomba halipo, tuko uani kwake, na mumewe, Mzee Athumani, ameinama mbele ya jiko la mkaa lililozimika. Anapepea majivu. Anapepea tu. Nataka kumwambia hakuna moto, sauti haitoki.

"Kupika hajui," Mama Zuhura ananiambia sikioni. "Na kuomba haombi."

Nikaamka nimelowa jasho, adhana ya alfajiri ikiendelea. Sikurudi kulala. Nilimenya magimbi, nikakuna nazi, nikayapika kama alivyokuwa akiyapika yeye, nikalishusha bakuli kabatini, nikalijaza hadi ukingoni na kulifunika.

"Hodi! Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Athumani alikuwa amekonda, shati linamning'inia mabegani. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu bila kufunua kifuniko.

"Nimelitafuta hili nyumba nzima," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nitalirudisha kesho, mwanangu. Ila sijui nitatia nini ndani."

Nilitaka kusema mengi, kama kawaida yangu. Safari hii nilitoa machache tu.

"Hata chumvi, baba," nikamwambia. "Wewe lete tu."