Uvimbe Uliotiwa Chumvi

Mama mmoja kutoka upande wa Buseresere aliniletea uvimbe wa mwanawe ndani ya kopo la siagi, umefukiwa kwenye chumvi. Zahanati iliyomkata kijana ilimwambia aupeleke Shinyanga ukapimwe, ikasahau kumpa dawa ya kuuhifadhi. Safari ni ndefu na jua letu halina huruma. Akafanya kama afanyavyo kwa samaki.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Nimeutia chumvi ya kutosha, daktari. Haujatoa hata harufu." Alinitazama akingoja nimsifu.

Hasira zilinipanda, ila si kwake. Kazi yangu ni kukata nyama nyembamba kuliko karatasi, kuitia rangi na kuisoma kwenye hadubini, ya watu na ya wanyama pia, maana bwana mifugo naye hana pengine pa kwenda. Kinachoniumiza kichwa kuliko vyote ni uvimbe wenye seli ndefu, zilizochongoka ncha zote mbili kama punje za mchele wa Kahama. Kovu changa lina seli hizo. Uvimbe wa neva usio na madhara unazo. Saratani ya nyama inazo. Ukikosea, unamkata mtu mkono bure, au unamwachia kifo mwilini. Na chumvi ilikuwa imefyonza maji yote, kila seli imesinyaa. Jibu lolote ambalo ningetoa lingekuwa uongo.

Nikasema kijana akatwe kipande kingine. Mama akakataa katakata. Kwao uvimbe ukichokozwa na chuma mara mbili hukasirika na kutambaa. Nilimwambia huo hutambaa wenyewe, chuma hakihusiki, lakini maneno yangu yalikuwa kelele tu. Kijana mwenyewe, aliyefuatana naye, ndiye aliyemshinda mama yake, akakubali kukatwa tena.

Alikuwa mchimbaji. Mkono wake wa kulia, wenye uvimbe, ndio uliokamata kamba akishuka kwenye duara, shimo lao la dhahabu, na ndio ulioshika nyundo huko chini.

"Daktari, huu niachie. Chukua mguu ukitaka," akatania. Nilijaribu kucheka, sikuweza.

Wiki hiyohiyo bwana mifugo alileta uvimbe wa mguu wa mbwa. Nikavisoma vipande vyote viwili, cha mbwa na kile kipya cha kijana, asubuhi moja. Seli zilezile, mafungu yaleyale yanayopishana. Lakini za mbwa zilikuwa tulivu. Nikamwambia uvimbe ukiisha kutolewa wote, mbwa wake ataishi. Za kijana zilikuwa zinagawanyika kila nilipotupa jicho, viini vikubwa, vya ovyoovyo. Nilipeleka vipande hospitali kubwa kwa rangi ambazo mimi sina, nao wakarudisha neno nililolihofia: saratani. Nilimwonea wivu yule mbwa, nasema kweli.

Daktari mpasuaji akaamua mkono utolewe begani. Kijana akasema, "Heri nusu shari kuliko shari kamili." Nilimpenda kwa hilo.

Mkono ulipoletwa maabara, mama yake alikuwa amekaa nje na kanga mpya mapajani. Kwao kiungo cha mtu hakitupwi. Huzikwa nyumbani, na alitaka kuondoka nacho. Lakini ilinibidi kwanza nikague mahali kisu kilipopita. Pakiwa na nyama safi, basi ugonjwa umeondoka na mkono. Niliitafuta hiyo nyama safi. Uvimbe mweupe, mgumu, ulikuwa umefika hadi ukingoni, ukifuata mshipa kuelekea kifuani. Nilichukua vipande vya hadubini kama utaratibu unavyotaka, ila macho yalikuwa yameshaona.

Niliomba ile kanga, nikaufunga mkono, nikautoa nje mwenyewe. Aliupokea kwa mikono miwili.

"Wabeja, mwanangu," alinishukuru kwa Kisukuma. "Uvimbe umetoka wote?"

Ningeweza kumwambia amsubiri mpasuaji. Roho ilikataa.

"Haujatoka wote, mama. Mwingine umebaki ndani."

Hakulia. Aliirekebisha kanga mahali vidole vilipochomoza, akaifunika vizuri.

"Nilikuwa nimewaambia wachimbe kashimo nyuma ya nyumba," alisema, akipapasa simu yake. "Ngoja niwapigie. Wachimbe kule kwenye kaburi la marehemu baba yake, na pembeni wamwachie kijana nafasi yake."