Hakuna ng'ombe kwenye barafu: msemo wa Mdenishi wa josho letu Shelui

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea. Naandika kwa kidole kimoja, la nne sikumaliza, ila uongo sina.

Nikiwa mdogo mwenye duka mmoja alileta friji ya mafuta ya taa. Akanipa kipande cha barafu, nikakitia mfukoni nimpelekee mama. Kufika nyumbani kaptura imelowa, nikachapwa kwa kujikojolea.

Barafu siiamini mpaka leo.

Tuje miaka ya soko huria. Nilikuwa mwangalizi wa josho la kijiji, pale ng'ombe wanapoogeshwa kuua kupe. Serikali ikajitoa kwenye dawa, josho likakabidhiwa kwa tajiri mmoja, nami nikawa mwajiriwa wake. Project ya wafadhili ikaleta expert wa mifugo, Mdenishi, mtu wa Denmaki, tukimwita Bwana Yensi.

Huyu ukimuuliza lolote: "Der er ingen ko på isen." Hakuna ng'ombe kwenye barafu.

Alinichorea chini kwa fimbo. Kwao baridi ikizidi ziwa huganda, ng'ombe akikanyaga katikati linaweza kupasuka, anazama. Wakulima wa zamani waliusema kwa urefu: hakuna ng'ombe kwenye barafu maadamu matako yake yako nchi kavu. Miguu ya nyuma ikiwa ardhini, unamrudisha.

Yaani tulia, hakijaharibika kitu.

Nikamwambia, "Sisi tope likimshika miguu ya mbele tu, tunaita watu." Akacheka sana.

Asubuhi moja tajiri akanikuta napima dawa. Foleni imefika barabarani, ng'ombe wa majirani zangu, wameleta kwa kuniamini mimi.

"Mzee, weka nusu. Maji si yananuka dawa? Nani atajua?"

"Kupe watajua."

Dawa nyepesi kupe hafi, na ndigana, ugonjwa anaoueneza, humaliza ndama zizi zima. Nikamgeukia Bwana Yensi, yeye ndiye msomi. Akaangalia viatu vyake, akasema ule msemo wake.

Fundisho nalitoa hapa, nisije nikasahau: mtu akikwambia tulia, muulize kwanza miguu ya nyuma iko wapi. Mnaojua Kidenishi nikosoeni. Na wewe uliyewahi kutulizwa huku unazama, andika hapo chini.

Basi. Nikapaza sauti foleni nzima isikie: "Jamani, dawa ya leo ni nusu. Wa kwangu siwaogeshi."

Tajiri akafoka, "Utakula wapi, mzee?"

Nikaweka kopo la kupimia ukingoni, nikaswaga ng'ombe wangu watatu. Sikugeuka. Pale joshoni sijakanyaga tena.